Sungura wa Kizimba cha Tisa

Siku ya Jumatano, saa nane kasoro mchana, mlishaji wa sungura alisimama mlangoni mwa maabara akiwa ameshika kofia mkononi, na Bi Mizani akajua hapo hapo kwamba kuna jambo. Mzee yule hakuwa na kawaida ya kupanda ngazi. Ukimtaka, unamfuata huko huko chini kwenye vizimba vyake, na ukifika anakulaumu kwa kuchelewa.

"Yule wa kizimba cha tisa anaburuta mguu," alisema. "Wa nyuma, wa kushoto. Asubuhi alikuwa mzima, kala majani yake yote."

"Labda kateguka."

"Sungura wangu hawateguki."

Bi Mizani aliweka kalamu chini. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu kwa miaka kumi na minne hakuna kitu kilichopita mikononi mwake bila kupimwa, na walikuwepo wazushi waliodai kwamba hata sukari ya chai huipima kwa jicho, kisha akarudisha punje mbili kwenye kopo. Yeye hucheka akisikia hivyo. Lakini tuseme ukweli, sifa ile ilikuwa imemwingia.

Kwa miezi sita alikuwa anajaribu dawa mpya ya fangasi wa moyo. Kuna fangasi ambao wakipata upenyo wa kuingia kwenye damu huenda wakajishikiza kwenye vali, ule mlango mdogo wa nyama unaofunguka na kujifunga kila moyo unapopiga. Hapo hujijengea kinundu. Kinundu kikikua, mlango haufungi sawasawa. Kikimeguka, kipande husafiri na damu mpaka kikazibe mshipa mahali fulani, mguuni au hata kichwani. Dawa za zamani peke yake zilishindwa na ugonjwa huo, na wagonjwa wengi walilazimika kufunguliwa kifua wabadilishwe vali. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa anatafuta dawa ya kumwepusha mtu na kisu.

Sungura walilazwa usingizi wakaambukizwa fangasi kwenye vali, kisha wakachomwa dawa mpya siku kumi. Baada ya hapo kumi na wawili kati yao waliuawa bila kusikia maumivu, vali zao zikasagwa, na ule uji ukapakwa kwenye visahani vya jeli ambayo fangasi huipenda kuliko kitu chochote. Unaviweka kwenye kabati la joto siku mbili, halafu unahesabu vidoa vyeupe. Kila kidoa ni fangasi aliyekuwa hai ndani ya vali. Visahani vya sungura wasiopewa dawa vilijaa vidoa mpaka havihesabiki. Vya wale kumi na wawili vilitoka vitupu, kama ndiyo kwanza vimetolewa dukani.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Profesa, ambaye tabasamu lake ni la kusubiriwa kama mvua, alipiga makofi. Na Bi Mizani hakulaza damu. Alivua koti la maabara, akavuka barabara, akaenda hospitali kumwambia mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi wa makochi, na watu walimwita Springi kwa vile hakuweza kukaa kitako dakika tano. Miezi mitatu nyuma alipasuliwa utumbo, akalazwa wiki tano na mpira wa dripu kwenye mshipa wa shingo, na fangasi wakapita humo humo mpaka moyoni. Walikuwa wa aina ile ile ya sungura. Sasa daktari mpasuaji alitaka kumbadilishia vali. Timu ya upasuaji wa moyo hufika hospitali ile mara moja kwa mwezi, na zamu ya Springi ilikuwa Alhamisi asubuhi. Lakini Springi alikwisha kula kiapo kwamba hapasuliwi tena, na mama yao alikuwa upande wake. Aliyekuwa akimbembeleza akubali ni dada yake peke yake, mpaka hiyo Jumatatu alipoingia wodini akihema na kusema kwa mdomo wake mwenyewe, "Dawa yetu inaponya. Nimeona kwa macho yangu."

Dawa ilikuwa imeshaanza kutumika kwa wagonjwa wa fangasi wa mapafu, kwa hiyo kuipata hakukuwa na shida. Springi alianzishiwa jioni ile ile. Daktari mpasuaji alinuna, ila mtu mzima hashikwi mkono akalazimishwa kutia saini ya kupasuliwa. Alichosema tu ni kwamba nafasi ya Alhamisi ataiacha wazi hadi Jumatano saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo itapewa mgonjwa mwingine.

Sasa Bi Mizani alikuwa amepiga magoti mbele ya kizimba cha tisa. Sungura huyu alikuwa mmoja wa wanne walioachwa hai baada ya dawa kusimamishwa, ili ionekane kama ugonjwa utarudi. Dawa alikuwa ameiacha siku sita zilizopita. Bi Mizani alimshika mguu wa kulia, ukawa na joto lake. Akamshika wa kushoto, akauachia. Ulikuwa wa baridi kama bomba la maji.

"Niambie basi," mlishaji alisema.

"Kuna kitu kimeziba mshipa."

Walimlaza usingizi wa mwisho, mzee akimshika masikio kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha binadamu yeyote pale. Bi Mizani alifungua kifua, akautoa moyo, akaupasua. Kwenye vali kulikuwa na kinundu cha rangi ya maziwa yaliyoganda, kikubwa kama punje ya choroko, na upande mmoja kilikuwa kimemeguka.

Alisimama akikitazama. Kama dawa iliwaua fangasi wote katika sungura kumi na wawili, wasibaki hata wa dawa, hawa wa huyu wa kumi na tatu wametoka wapi? Ama huyu alikuwa na bahati mbaya ya peke yake, ama wale kumi na wawili walikuwa wamemdanganya.

Alipanda ngazi mbili mbili, akafungua daftari la kazi. Ukurasa ulikuwa safi, wino mweusi, mwandiko wake wa kujivunia. Katikati kulikuwa na mstari aliouandika yeye: "Kuosha mara tatu kwa maji ya chumvi kumeachwa, ili tusipoteze fangasi." Chini kabisa palikuwa na saini ya Profesa.

Alivuta kiti, akakaa.

Taratibu ilikuwa wazi kwamba vali ikishasagwa, uji wake huoshwa mara tatu kabla ya kupakwa. Lakini kuosha humwaga baadhi ya fangasi pamoja na maji, na yeye, kwa uaminifu wake wa kupindukia, aliona kwamba kila fangasi anayemwagwa ni upendeleo kwa dawa. Hakutaka dawa ipendelewe hata kwa kidoa kimoja. Akaacha kuosha. Kitu ambacho hakukifikiria, msomi mzima wa miaka kumi na minne, ni kwamba nyama ya sungura aliyechomwa dawa siku kumi imelowa dawa. Uji ule ulipopakwa bila kuoshwa, dawa ilikwenda nao mpaka kwenye kisahani, ikakaa pale pale juu ya vichwa vya fangasi, ikawazuia kuota. Kisahani kilikuwa kitupu, na fangasi walikuwa wamekaa tu humo, hai, wanangoja dawa iondoke.

Kwenye kizimba cha tisa dawa ilikuwa imeondoka.

Mabaki ya uji wa vali zile kumi na mbili yalikuwa bado kwenye friji. Saa nane na dakika hamsini aliyatoa. Sehemu yake aliiosha mara ya kwanza, dakika kumi za mashine ya kuzungusha, naye akiwa amesimama anahesabu pumzi. Akaosha ya pili, kisha ya tatu. Kisha akachukua tone, akalichanganya na rangi ya buluu, akaweka chini ya hadubini. Rangi hiyo ina desturi moja: fangasi aliyekufa huinywa akawa buluu, aliye hai huikataa akabaki mweupe. Alihesabu mia. Sitini na watatu walikuwa weupe. Akahesabu tena mia nyingine kwa sababu hakuyaamini macho yake. Sitini na mmoja.

Profesa alikuja alipoitwa, akainama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Rangi hii hudanganya, unajua," alisema bila kuinua kichwa. "Aliyelemewa na dawa anaweza kuikataa leo na akafa kesho. Paka kwenye visahani. Ijumaa tutajua."

"Ndugu yangu anatakiwa kusaini leo kabla ya saa kumi na moja."

"Na wewe unataka kwenda kumwambia jambo ambalo hatujalithibitisha?"

"Profesa, nilishamwambia jambo ambalo hatujalithibitisha. Ndiyo maana hajasaini."

Profesa alinyanyuka. Alilivuta daftari, akausoma ule mstari, akaitazama saini yake mwenyewe kama mtu anayetazama picha aliyopigwa akiwa amelala. "Sikuusoma," alisema. Alivua saa ya mkononi akaiweka mfukoni, akaanza kukunja mikono ya shati. "Nenda. Visahani nitavipaka mimi. Miaka saba sijashika pipeti, lakini sidhani kama zimebadilika sana."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili.

Hospitali iko ng'ambo ya barabara, mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye akili timamu. Bi Mizani aliufanya wa dakika tano na akatukanwa na madereva wawili. Njia nzima alikuwa anatunga maneno ya kuanzia, na kila alilolitunga aliliona la uongo.

Springi alikuwa ameketi kitandani, amenyoa ndevu, anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili namna ya kulijua kochi bovu kwa kulisikiliza. Mama yao alikuwa anamenya chungwa. Walikuwa na furaha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Dada, mbona umekuja na sura ya mwalimu wa hesabu?" Springi alisema.

"Saini ile fomu. Kesho ufanyiwe upasuaji."

Kisu cha mama kilisimama katikati ya ganda.

"Jumatatu ulisemaje?" mama aliuliza.

"Nilisema dawa inaponya."

"Na leo?"

"Leo nasema sijui, mama. Na nilichokiona mchana huu kimenitisha."

Aliwaeleza yote, habari ya mguu wa baridi, kinundu, uji usiooshwa, wale weupe sitini na watatu. Hakujipaka mafuta wala hakumtaja Profesa. Springi alisikiliza huku akikunja na kukunjua pembe ya shuka.

"Ngoja," alisema mwishowe. "Wewe uliacha kuosha? Wewe, unayeosha bomba kabla ya kunawia?"

"Niliogopa kumpoteza hata fangasi mmoja. Nilitaka dawa isipendelewe."

"Ukaipendelea."

"Ndiyo."

Yule mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani, kwa heshima.

"Wewe mtoto unaichezea roho ya ndugu yako," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililokuwa baya kuliko kelele. "Wiki nzima ulituambia apasuliwe. Jumatatu ukasema asipasuliwe. Leo apasuliwe. Kesho utatuletea lipi? Na akifia juu ya meza?"

Bi Mizani alitamani kusema hatakufa. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na lingempoza mama, lingempoza hata yeye mwenyewe. Alilimeza.

"Anaweza kufa, mama. Daktari alisema katika watu kumi wa hali yake, wawili hawatoki. Akibaki na dawa tu, mimi sina hesabu ya kukupa. Nilidhani ninayo. Sina."

Kwenye ukuta wa wodi saa ilionyesha kumi na nusu. Muuguzi alipita, akamtazama Springi, akaendelea na safari yake.

"Mara ile nilipozinduka," Springi alisema, akivitazama vidole vya miguu yake badala ya kuwatazama wao, "nilikuwa nasikia watu wanaongea na siwezi kufumbua macho. Nilidhani nimezikwa. Nikawa nawaza, sasa nitawajulishaje kwamba nipo. Sijawahi kuwaambia hilo."

"Hukuniambia," mama alisema.

"Nakwambia sasa." Akamgeukia dada yake. "Niangalie. Ingekuwa wewe, ungelala kwenye ile meza?"

"Ningelala. Na ningetetemeka mpaka wanipige sindano."

"Jumatatu hukusema habari ya kutetemeka."

"Jumatatu nilikuwa najiona najua."

Springi alimkazia macho muda, kisha akaachia pumzi. "Leo nakuamini zaidi," alisema, akanyoosha mkono kumwita muuguzi. Fomu ilipoletwa ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na saba. Alisaini kwa herufi kubwa kubwa, kama anavyoandika majina ya wateja nyuma ya viti. Mama aliweka chungwa lisilomalizika kumenywa juu ya kabati, akatoka nje ya wodi, na alipompita binti yake hakumtazama.

Siku ya pili upasuaji ulianza saa mbili asubuhi. Mama alikaa kwenye benchi mwisho huu wa korido, Bi Mizani mwisho ule. Mara mbili alimletea maji, na mara mbili mama aliyaacha pale pale sakafuni. Saa saba na robo daktari mpasuaji alitoka, barakoa imemshuka kidevuni, macho mekundu. Alisema vali mpya imewekwa, moyo umekubali kupiga, lakini mgonjwa hajazinduka na yeye hatoi ahadi yoyote. Kisha akamvuta Bi Mizani pembeni, akamkabidhi kichupa chenye mfuniko mwekundu, ndani yake vali ya zamani.

"Ilikuwa inaning'inia," alisema. "Sidhani kama ingefika wiki. Nahitaji kujua kama hawa fangasi bado wako hai, na dawa ipi itawaua, maana hata na vali mpya bila dawa watarudi. Mwenye ujuzi wa kusaga vali hapa ni wewe."

Bi Mizani alikipokea. Kilikuwa cha uvuguvugu kidogo. Alijikaza kisabuni, akavuka barabara safari hii akitazama kulia na kushoto.

Maabarani Profesa alimwonyesha visahani vyake vya jana. Alivipaka kwa mkono mbaya, mistari imekwenda kombo, lakini hata kabla ya siku kutimia vidoa vidogo vidogo vilikuwa vimeanza kujitokeza kwenye vyote vya uji uliooshwa. Kwenye vile vya uji usiooshwa hakukuwa na kitu. Bi Mizani alitikisa kichwa, akavaa glovu, akaingiza mikono yake ndani ya kabati la hewa safi, akafungua kichupa.

Akaisaga vali ya mdogo wake. Mikono ilifanya kazi iliyoizoea, na yeye aliiacha ifanye, akikataa kabisa kufikiri ni ya nani. Akaosha mara ya kwanza. Akaosha mara ya pili. Alipofungua bomba baada ya mashine kulizungusha mara ya tatu, simu yake iliyokuwa juu ya meza ilianza kutetemeka, na kutoka pale alipokaa aliliona jina: Mama.

Mama hakuwa amesema naye tangu jana jioni.

Uji ulikuwa wazi mbele yake. Akitoa mikono sasa, uchafu wa nje utaingia, na hakuna vali nyingine duniani ya kusaga badala ya hii. Simu ilitetemeka mpaka ikasogea kando ya meza, ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Nikupokelee?" Profesa aliuliza.

"Hapana. Usipokee."

Aliogopa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Kama Springi amekufa, basi hakutaka kulisikia hilo akiwa ameushika moyo wake kwenye bomba la kioo. Simu ikaita mara ya tatu. Alimwaga maji ya mwisho, akachota, akapaka kisahani cha kwanza, cha pili, cha tatu, taratibu, mistari imenyooka, machozi yakimteremka mpaka kwenye barakoa naye hana mkono wa kuyafuta. Akafunika visahani, akaandika saa na tarehe, akaviingiza kwenye kabati la joto. Ndipo akavua glovu. Akakosea kubonyeza mara mbili.

Mama alipokea kabla simu haijamaliza kuita.

"Kafumbua macho," mama alisema. "Kanishika kidole. Wamemtoa ule mpira wa kupumulia, ameuliza saa ngapi."

Bi Mizani aliegemeza paji la uso kwenye mlango wa kabati la joto.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Basi sikiliza na hili." Mama alipenga kamasi. "Usije ukamwambia tena mwanangu kitu usichokijua."

"Sitamwambia."

Mama hakukata simu, wala yeye hakukata. Walibaki hivyo, kila mmoja akisikiliza mwenzake anavyolia, mpaka muuguzi upande wa pili akaja kusema kwamba mgonjwa anaruhusiwa kuonwa na mtu mmoja, na mama akasema, "Njoo uingie wewe kwanza."